Bakuli la Kibarazani: Shajara ya Mradi wa Pipi, Oktoba 2023

Jumapili, 24 Septemba

Nafungua daftari hili kwa sababu ya aibu ya mwaka jana. Saa moja na robo usiku pipi zilikuwa zimekwisha, watoto bado wanapanda ngazi za kibaraza makundi kwa makundi, na mimi baba mzima nikazima taa, nikawaamuru wanangu walale sakafuni wasionekane dirishani. Tulikaa gizani dakika arobaini na tano kama watu wanaomkwepa mwenye nyumba. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, tumefilisika?"

Mwaka huu basi ni mradi, wenye bajeti, kamati na kumbukumbu za maandishi.

Kwa asiyejua hali ya hapa: tunaishi Des Moines, Iowa, si mbali na Chuo Kikuu cha Drake, mtaa wa nyumba za mbao zenye vibaraza mbele. Kwingine Marekani watoto huzunguka kuomba pipi tarehe 31 Oktoba, Halloween yenyewe. Hapa, hadi mwaka huu wa 2023, wanazunguka tarehe 30, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na usiku huo una jina lake kabisa, Beggars' Night, Usiku wa Ombaomba. Desturi hii ni ya tangu mwaka 1938. Vijana walikuwa wamezidisha fujo na uharibifu usiku wa Halloween, mji ukaona bora watoto wapewe usiku wao wenye adabu. Na adabu yenyewe ni kwamba mtoto hapewi bure. Lazima atoe kichekesho, au shairi, au wimbo, ndipo apewe. Ndiyo sheria, ingawa sijaona mtu mwenye moyo wa kumnyima malaika wa miaka mitatu aliyesahau kila kitu alichofundishwa njiani.

Taa ya kibarazani ikiwaka, maana yake karibu. Ikizimwa, pita.

Bajeti: dola 55. Kamati: mimi, mama watoto, binti (miaka 9) na kitinda mimba (miaka 5), ambaye hana kura ya kawaida ila amejipa kura ya turufu.

Makisio: mwaka jana tulihesabu watoto 71 katika saa moja na robo. Kwa saa mbili kamili wangefika kama 114. Naweka 130 ili nilale usingizi.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimempigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na habari za magoti yake, nikamweleza mradi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Yaani watoto wanapita nyumba kwa nyumba, wamevaa vizuri, wanapewa?"

"Wamevaa vibaya, mama. Wengine mizimu, wengine wachawi."

"Lakini wanapewa."

"Wanapewa."

"Basi huo si ni mkono wa Idi?"

Sikuwa nimeufikiria hivyo. Sisi Ngamiani tulikuwa tunatoka na kanzu mpya zinazokwaruza shingo, tunaanza Barabara ya Kwanza tunapanda, kila nyumba "mkono wa Idi!", na kila mtoto anajua nyumba ipi inatoa sarafu, ipi inatoa noti, ipi inatoa visheti na nasaha. Ya nasaha tulikuwa tunairuka. Shangazi yangu aliyeko Muscat naye, aliposikia, akasema kwao hilo ni karankasho tu: katikati ya Ramadhani watoto wa Oman wanazunguka usiku wakigonganisha makombe ya baharini na mawe, wanaimba mlangoni, wanajaziwa mifuko pipi na karanga.

Swali la dini mimi na mama watoto tulilimaliza jikoni mwaka juzi, na sina nia ya kulifungua hapa. Hatuvai vinyago vya mizimu, hatupambi kibaraza kwa mafuvu. Mtoto wa jirani akigonga mlango, anafunguliwa.

Mama alimaliza simu kwa agizo: "Watengenezee visheti. Na kashata za ufuta. Mtoto kaja mlangoni, unampaje kidude kimoja cha dukani kama unampa dawa?"

Mama watoto kachukua upande wake. Ana pia pakiti tatu za ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu, aliouficha nyuma ya unga wa sembe tangu dada yake aje. Anataka kuutoa. Hii ni sadaka kubwa kuliko ninavyoweza kueleza.

Jumatano, 4 Oktoba

Visheti vimekufa. Ubuyu umekufa. Naandika taarifa ya vifo hivyo kwa majonzi.

Hapa mzazi akirudi nyumbani humwaga mfuko wa mtoto mezani na kuchambua. Chochote kisicho na karatasi ya kiwandani huenda pipani, hata kiwe kimekaangwa na malaika. Hofu ni sumu, na wembe ndani ya tufaha. Nimesoma kuhusu hofu hii. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amefuatilia taarifa za magazeti kurudi nyuma hadi mwaka 1958, akitafuta mtoto hata mmoja aliyeuawa au kuumizwa vibaya na pipi ya mtu baki usiku wa Halloween. Hakumpata. Kisa kinachokumbukwa sana ni cha Texas mwaka 1974, mtoto aliyekufa kwa pipi ya unga iliyotiwa sayanidi, na aliyeitia alikuwa baba yake mwenyewe, akitaka fedha za bima.

Nikamsomea mama watoto yote haya. Akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo visheti vyangu vitatupwa kwa ajili ya jambo ambalo halijawahi kutokea." Ndiyo. Na hakuna jirani nitakayemgeuza kwa hotuba mlangoni.

Ubuyu una kosa lake la ziada: ni mbegu ngumu, utelezi mtupu ukishamumunywa, saizi ya koo la mtoto. Madaktari wa watoto hapa wanaonya kuhusu pipi ngumu, karanga na bisi kwa walio chini ya miaka minne. Sisi tulinusurika vipi sijui.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya kusoma lebo. Nimesimama kwenye duka kubwa la Hy-Vee, njia ya pipi, karibu saa nzima, miwani kwenye paji la uso kwa sababu maandishi ni madogo kiasi kwamba naona vizuri zaidi nikiyasogeza puani. Kijana wa dukani kapita mara tatu. Ya tatu akaniuliza kama niko salama.

Nilikuwa na sababu. Mwaka jana, kabla hatujazima taa, alikuja msichana wa nyumba ya mwisho wa mtaa. Akasema kichekesho chake, nikampa chokoleti mbili, akashuka ngazi. Mama yake alikuwa anamsubiri njiani. Akazichukua zile chokoleti, akazigeuza, akasoma kwa mwanga wa simu, akazitia mfukoni mwake. Karanga. Kilichonikaa ni kwamba yule mtoto hakulia wala hakuuliza. Alishazoea. Akaenda nyumba ya pili kujaribu tena.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: kitu kinachotoka kwenye bakuli letu asije mtoto akanyang'anywa pale njiani.

Nikaanza kutoa moja moja. Reese's na Snickers, karanga, zimetoka. Twin Bing, ambayo watu wa Iowa wanaionea fahari kwa sababu inatengenezwa Sioux City, ina cheri ndani na karanga zilizosagwa nje, nayo nje. Sheria ya hapa inataja vyakula tisa vinavyoleta mzio mkali: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta. Ufuta ndio mgeni kwenye orodha, watengenezaji wamelazimika kuuandika kwenye lebo tangu tarehe 1 Januari mwaka huu. Nikazikumbuka kashata za mama, nikacheka peke yangu. Pengine ndipo yule kijana alipoingiwa na wasiwasi.

Kisha jelatini. Hii inachemshwa kutoka ngozi na mifupa, ya nguruwe au ya ng'ombe, na mara nyingi lebo haisemi ya nani. Mtaani kwetu wapo Wasomali, Wabosnia, Wasudani na sisi. Watoto wao nao mifuko yao inachambuliwa mezani. Starburst ina jelatini. Vidubu vya Haribo vinavyouzwa kwenye maduka ya kawaida hapa vina ya nguruwe, wakati vile vinavyotengenezwa Uturuki ni vya ng'ombe na ni halali, dubu yule yule, uso ule ule. Hata zile punje za sukari zenye umbo la mahindi zina jelatini. Iowa yote hii ni mahindi, jimbo zima, na ya pipi tu ndiyo yamenishinda.

Skittles waliitoa jelatini miaka mingi iliyopita. Haina maziwa, haina karanga. Dum Dums, zile pipi ndogo za kijiti, safi. Smarties, safi, ila kwa wenzangu wa Mombasa na London: Smarties za Marekani si zile chokoleti za rangi. Ni vidonge vya sukari vilivyopangwa kwenye karatasi ya kung'aa, vinafanana na dawa ya minyoo.

Nimerudi nyumbani na majina matatu na maumivu ya shingo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Fupi, natoka kazini. Chokoleti imepanda. Nilidhani ni duka, kumbe ni dunia: bei ya kakao imefika juu kuliko wakati wowote kwa zaidi ya miaka 40, mvua zimezidi na ugonjwa wa kuoza matunda umeingia Côte d'Ivoire na Ghana, ambako kunatoka zaidi ya nusu ya kakao yote. Natumaini na wakulima wa kakao wa Kyela, Tanzania, wanaziona hizo fedha. Mimi naziona zikiondoka.

Jumapili, 15 Oktoba

Kikao cha kuonja. Wajumbe wote walihudhuria mapema kuliko kikao chochote cha familia hii.

Skittles zimepita bila kupingwa. Smarties: kitinda mimba kaweka kimoja mdomoni, kakitoa, kakiangalia, kasema, "Hii ni Panadol." Zimepita kwa kura tatu kwa moja, na huyo mmoja tukamweleza kwamba turufu haifanyi kazi siku za Jumapili. Dum Dums zimependwa zaidi kwa ajili ya ile iliyoandikwa alama ya kuuliza. Binti alitaka kujua ni ladha gani. Ukweli wake unafurahisha: kiwandani, ladha moja inapokwisha na nyingine kuanza, mashine haisimamishwi ioshwe. Mwisho wa ile na mwanzo wa hii vinachanganyika, na huo mchanganyiko ndio unaoitwa fumbo. Ni kama unapomimina mabaki ya chai ya asubuhi juu ya chai mpya ya saa kumi. Mama watoto akasema kwao hilo ni kosa, huku wamelipatia karatasi.

Kisha ugomvi. Binti alisimama, kweli alisimama, akasema nyumba isiyo na chokoleti hata moja inajulikana mtaa mzima. "Watasema ni nyumba ya daktari wa meno, baba. Nasoma na hawa watu."

Sikuwa na jibu. Huyu ndiye atakayekaa nao darasani siku ya pili.

Tukakubaliana hivi. Bakuli kubwa: Skittles, Smarties, Dum Dums. Sinia la pembeni, mbali, lenye mkono wake wa kugawa: Kit Kat, ambayo ina maziwa, ngano na soya lakini haina karanga kama kiungo. Hazichanganywi, wala mkono ulioshika Kit Kat hauingii kwenye bakuli. Na kapu la tatu la vitu visivyoliwa, kwa wadogo ambao pipi ngumu ni hatari kwao na kwa yeyote atakayependa: vikuku vya plastiki vinavyowaka gizani na stika. Nilipendekeza penseli. Kamati nzima ilinitazama kwa huruma.

Jumamosi, 21 Oktoba

Manunuzi. Skittles 100, Smarties 80, Dum Dums 100, jumla 280; mbili mbili kwa watoto 130 ni 260, akiba 20. Kit Kat 50. Vikuku 50 na karatasi nne za stika. Dola 53 na senti 17. Nimeficha kila kitu kwenye buti la gari, chini ya blanketi la baridi, maana ndani ya nyumba hakuna sehemu ambayo kitinda mimba hajaichunguza.

Jumatano, 25 Oktoba

Ukaguzi wa ghafla ulioendeshwa na mama watoto. Zilizohesabiwa: 257. Zilizopungua: 23.

Watoto walihojiwa mmoja mmoja. Wote wawili waliapa, na kitinda mimba alilia kwa uchungu wa mtu anayesingiziwa. Kisha mama watoto akaenda kwenye gari kuchukua shali yake, akafungua mlango wa dereva, na kwenye kile kimfuko cha mlango akakuta karatasi za Smarties na vijiti vya Dum Dums vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake.

Nafanya zamu ya usiku ghalani. Saa tisa usiku mtu anahitaji kitu mdomoni, na gari ndipo ninapopumzikia. Nimesema hivyo, na haikunisaidia. Faini: pakiti nyingine ya Dum Dums kutoka mfukoni mwangu, nje ya bajeti, na kuomba radhi kwa kitinda mimba mbele ya mashahidi.

Hifadhi imehamia chumbani, chini ya kitanda, upande wa mama watoto.

Jumapili, 29 Oktoba

Boga limepakwa rangi. Kuna desturi, iliyoenezwa na FARE, shirika linaloshughulikia mzio wa vyakula, tangu mwaka 2014 baada ya kuanzia kwa wazazi wa mashariki ya Tennessee, kwamba nyumba yenye vitu visivyo chakula kwa watoto wenye mzio huweka nje boga la rangi fulani. Rangi yenyewe si kijani wala si bluu. Mtu wa Tanga ataielewa nikisema ni bahari ya Pangani saa nne asubuhi. Watoto wamelipaka koti mbili, na sehemu ya sakafu ya kibaraza koti moja.

Mchana kaja mzee jirani wa nyumba ya tatu. Ni Mrundi, kakulia kambini Kigoma, Kiswahili chake kina Kirundi ndani, na pipi anaziita bombo. Akaliangalia boga, nikampa maelezo. Tukakaa na chai.

Akanisimulia mwaka wao wa kwanza hapa, 2008. Walikuwa wamefika wiki chache, ghorofa ya chini, hakuna aliyewaambia lolote. Jioni mlango ukagongwa. Mkewe akachungulia, akaona watu wafupi wamevaa nyuso za wafu. Ukagongwa tena, wengine. Na tena. "Kaka," akasema, "sisi mlango ukigongwa hivyo usiku, tunajua kazi yake." Walitoka na watoto wote kupitia dirisha la nyuma, wakakaa kwenye nyasi za uani hadi kimya kilipotanda.

Akanywa chai yake. Kisha akacheka, akasema sasa yeye ndiye anayewasha moto mbele ya nyumba, na bombo zake ni kubwa kuliko zangu, nikapime.

Jioni ilikuwa mazoezi. Binti anaandaa vichekesho vya kutoa kwa majirani. Chake cha kwanza: kwa nini mifupa mitupu haikuvuka barabara? Kwa sababu haina utumbo. Mama watoto akasubiri mwisho wa hadithi. Ikabidi nieleze kwamba kwa Kiingereza ujasiri unakaa tumboni. "Sisi uko moyoni," akasema, "na mifupa haina moyo pia, kwa hiyo kichekesho kinapita, ila hakichekeshi."

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na ni la mama watoto, naliandika ili lisije kuibiwa na mimi baadaye. Wao wanatupa kichekesho. Tuwarudishie kitendawili.

Jumatatu, 30 Oktoba

Naandika saa tano usiku, vidole bado vina baridi.

Wa kwanza alifika saa kumi na mbili kasoro dakika nne, jua bado lipo, dinosau mwenye urefu wa goti langu. Mama yake akaomba radhi kwa kuwahi. Dinosau hakuwa na kichekesho, alikuwa na mngurumo. Tumeupokea. Alichagua kikuku kinachowaka, akakivaa kwenye mkia.

Kisha wakafurika. Baridi ya Iowa ina tabia moja: kila mama anamlazimisha mwanawe avae jaketi juu ya vazi lake, kwa hiyo ukifungua mlango unaona safu ya majaketi, na lazima uulize wewe ni nani. Malkia wa theluji alikuwa ndani ya jaketi la kaka yake lenye nembo ya timu ya mieleka. Binti alihesabu kwa maharage, kila mtoto mmoja harage moja kutoka kikombe hadi kikombe, kabla hajatoka kuzunguka na mwenzake. Kisha kazi ikashikwa na kitinda mimba, na hapo takwimu za mradi zikaingia mashaka.

Kitendawili kilianza vizuri kuliko nilivyotarajia na vibaya kuliko nilivyopanga. Kijana wa kama miaka kumi, mwanaanga, kanipa kichekesho cha ng'ombe. Nikamwambia sasa ni zamu yangu: nyumba yangu haina mlango, ni nini? Akasema hema. Hapana. Gereza. Hapana. Akashusha sauti: kaburi? Nikamwambia inatia hofu lakini hapana, umeshindwa, nipe mji.

"Mji gani?"

"Wowote. Kwetu ukishindwa kitendawili unanipa mji, nautembelea, kisha nakwambia jibu."

Akafikiri kwa uzito wa mtu anayegawa ardhi. "Omaha."

Nikaenda Omaha. Nikapokelewa vizuri, nikachinjiwa, nikala nyama mpaka nikashindwa kusimama, na wazee wa Omaha wakaniambia jibu ni yai. Mwanaanga akanitazama. "Omaha ni mwendo wa saa mbili kwa gari," akasema. "Umerudi haraka."

Nilikuwa bado nacheka mama watoto aliponifinya. Nyuma ya mwanaanga, foleni ilikuwa imefika njiani. Uamuzi ukatolewa hapo hapo: vitendawili ni pale tu ambapo foleni haipo. Hata hivyo nilitembelea Chicago, Ankeny, Paris, na mji wa ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta, ambako sina hakika nilikula nini.

Kit Kat zilikwisha saa moja na nusu. Binti alikuwa sahihi na atanikumbusha. Smarties ndizo zilizobaki nyingi. Vikuku vilipendwa zaidi na wasiotarajiwa: kundi la vijana wa kama miaka kumi na tano, hawana vazi lolote, sauti zimeshavunjika, wanaangalia chini. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia. Mama watoto akanitangulia, "Kichekesho kwanza," na mrefu wao akaimba, akaimba kweli, beti mbili za wimbo wa kanisani kwa sauti nzito nzuri. Wakaondoka kila mmoja na kikuku cha kijani mkononi, tukawaona mwanga wao hadi kona.

Saa mbili kasoro kumi alikuja yule wa mwisho wa mtaa. Mwaka huu ni nyuki. Mama yake alisimama pale pale aliposimama mwaka jana, simu mkononi tayari. Akaliona boga. Hakusogea, ila simu akairudisha mfukoni.

Nyuki akasema kichekesho chake kwa kukisoma kwenye kiganja. Nikainamisha bakuli. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu wa ofisini, "Zipi ni zangu?"

"Za bakuli hili zote."

Akageuka kumtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi akaweka mfuko wake chini na kuanza kuchagua, na sijawahi kuona mtu akichagua pipi kwa muda mrefu vile. Anashika, anarudisha, anashika nyingine. Mwisho kachukua Dum Dums mbili zenye alama ya kuuliza. Nikasahau kumtegea kitendawili.

Taa ilizimwa saa mbili na dakika tano, kwa heshima safari hii. Hesabu: 118, au 121, kwa kuwa maharage matatu yamekutwa chini ya mkeka.

Jumanne, 31 Oktoba

Nilidhani mradi umefungwa jana. Leo Halloween yenyewe, huku kwetu ni usiku wa kawaida, taa za vibaraza zimezimwa mtaa mzima. Sina zamu. Nilikuwa nakunja blanketi la gari sebuleni saa moja hivi niliposikia miguu kwenye ngazi, kisha kimya, kisha mlango ukagongwa kidogo sana.

Nilichungulia. Mwanamume na wavulana wawili. Mkubwa kavaa shuka jeupe lenye matundu mawili, mdogo kajichora masharubu. Mfuko wao wa plastiki ulikuwa umelala bapa. Walishapita nyumba zote hizo.

Kabla sijafika kwenye kitasa nikamsikia baba akisema taratibu, "Hawapo hawa. Twendeni, mwanangu."

Nikawasha taa, nikafungua. Yule baba akarudi nyuma hatua moja, akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza cha kuazima, neno moja moja. Nikamwambia karibu. Akashtuka, kisha akacheka kwa pumzi. Wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mwezi Agosti. Kazini kaambiwa tarehe thelathini na moja, hakuna aliyemwambia mji huu una yake.

Nikaenda jikoni. Bakuli lilikuwa na Smarties za kutosha na Dum Dums tisa. Mama watoto alikuwa ameshafika kabatini, anasogeza unga wa sembe.

Nikarudi mlangoni. Yule wa shuka alikuwa ameambiwa na mtu kwamba lazima aseme kitu kwa Kiingereza. Nilimwona midomo ikijaribu nyuma ya kitambaa, haikutoka. Nikachuchumaa.

"Kitendawili!"

Matundu mawili yakanitazama. Halafu, kwa sauti kubwa iliyofika hadi kwa mzee wa nyumba ya tatu, "Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," akasema, hata hakungoja nimalize, mkono umeshaingia bakulini.